Rili za flai za bei nafuu "za maji ya chumvi": mwatudanganya mchana kweupe

Wakuu salaam. Mods naomba msiufute uzi huu maana sijataja duka la mtu, lakini leo nasema maana nimechoka. Hizi rili za flai (za kuvulia kwa nzi wa bandia) za elfu sita elfu saba zinazouzwa mitandaoni zimeandikwa ati "yafaa baharini, breki imefungwa kabisa haipenyi maji" ni uongo mtupu, na sisemi kwa kusikia, yangu iko hapa mezani nishaifungua skrubu kwa skrubu.

Kabla hamjanirukia na ile "rahisi ni ghali", tulieni. Nafanya kazi kwenye boti za wageni hapa Malindi, nayaona wanayokuja nayo, kuna rili pale bei yake wapata pikipiki. Mimi sikuitaka hiyo. Nilitaka kitu cha kubeba laini ya namba 8 (uzito wa uzi wa kurushia nzi), nisimame mwambani maji yakianza kujaa niwarushie vikolekole vinavyoingia na mkondo, na siku Mungu akijaalia nipambane na mkubwa. Nje ya parki bila shaka, ndani hakuvuliwi, msije mkaniletea KWS, wale walinzi wa parki, hapa.

Sasa huyo mkubwa alikuja. Bamvua, maji safi, kaskazi imetulia, kolekole wa maana akatoka kwenye kivuli cha jiwe akala nzi wangu mbele ya macho yangu. Anayemjua kolekole ajua hana mazungumzo, akishikwa anaelekea kwenye mwamba wenye makali moja kwa moja. Hapo ndipo breki inatakiwa imuachie uzi polepole bila kusita. Hii yangu ikashika, ikakwama kabisa, halafu ikaachia kwa ghafla spuli (lile gurudumu la kuzungushia uzi) ikawa yajizungukia tu kama feni, uzi ukajisokota juu ya uzi, na kwa vile rili ya flai haina gia, spuli ikizunguka mara moja na kishikio nacho kimezunguka mara moja, basi kile kishikio kikanitandika vifundo vya vidole mpaka ngozi ikatoka. Uzi ulipofika kwenye ule msokoto ukakaza, pap, mshipi wa mbele, ule mwembamba unaofungiwa nzi, ukakatika. Samaki kaenda, nzi kaenda, mimi nabaki nimeshika mkono yauma.

Nikaja nyumbani nikaifungua. Wallahi wadau hebu tazameni ile picha ya pili. Mwaona ule mfereji mwembamba umechongwa kuzunguka ekseli? Hapo ndipo mpira wa kuzuia maji unakaa. Mfereji upo, mpira haupo! Sio umeoza, sio umekatika, haujawahi kuwekwa, hata alama ya grisi hamna. Ndani yake washa ya koki, ile ile ya vizibo vya chupa, imelowa na imeshikana na chumvi, ndio maana inashika na kuachia. Beringi ya njia moja, ile inayofanya rili ivutike bure ukiikunja na ishike samaki akikimbia, imeganda, imezungukwa na uji wa rangi ya kahawia. Na zile skrubu za chuma kisichoshika kutu zimetiwa moja kwa moja kwenye alumini bila chochote katikati, mtu yeyote aliyetengeneza boti atakwambia ukikutanisha hizo mbili kwenye maji ya bahari inayoliwa ni alumini. Matundu yake yote yana unga mweupe. Tangazo lilisema imechongwa kutoka kipande kimoja cha alumini ya 6061, yakhe, hii imemiminwa kwenye kalibu, ndani ya mguu waziona zile tundutundu za hewa.

Nikampigia muuzaji. Jibu lake: "ndugu hukuiosha". Nimeiosha kila nikitoka, kwa maji ya bomba sio ya kisima maana visima vya huku vingine navyo vina chumvi yake, na sikuipiga kwa presha, na breki nailegeza kabla ya kuiweka. Lakini hata tuseme sikuiosha, si uliandika imefungwa? Kitu kilichofungwa maji yaliingiaje?

Halafu ile "breki kilo 8" ya kwenye tangazo. Kabla haijaharibika nilishaifunga kwenye mizani ya samaki, nikakaza mpaka mwisho, spuli ikiwa imejaa. Kilo mbili na kidogo. Wenye ujuzi wajua uzi ukitoka na spuli kupungua, breki ile ile inazidi nguvu, kipenyo kikiwa nusu mvuto unakuwa mara mbili, kwa hivyo labda walipima ikiwa tupu, uzi umebaki mizunguko miwili mitatu. Na hizo kilo mbili mimi singelalamika, kwa laini ya namba 8 na mshipi mwembamba wa mbele zatosha kabisa bora ziachie bila kusita, na kiganja kipo cha kusaidia ukingoni mwa spuli. Kusita ndiko kunakokata uzi, sio udogo wa kilo.

Na ili nisionekane nina chuki: rili hii ukimpa mtu anayevua trauti kule mito ya Aberdare au Mlima Kenya ataisifu. Nyepesi, yabeba laini vizuri, inageuzwa kukunjwa kushoto au kulia bila shida, na trauti wa kule mara nyingi unamvuta kwa mkono tu rili iko pale kuweka laini. Basi andikeni hivyo! Andikeni "ya mtoni", niamue mwenyewe. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, imekataza waziwazi kuipa bidhaa sifa ambayo haina. Mwadhani watu wa pwani hatusomi?

Muuzaji ameniambia atanitumia nyingine kwa basi, nauli juu yangu. Ya nini, kuja kuganda vile vile? Nataka pesa zangu kwa Mpesa ileile uliyozipokelea, na lile neno "bahari" ulitoe kwenye tangazo maana mpaka saa hii nnapoandika liko palepale. Na nyinyi mlionunua aina hii, mnajijua, fungueni mtazame huo mfereji kisha mseme hapa kama mna mpira au hamna, na picha mweke.