Fundi kang'oa thamostati, kapaka silikoni, injini imekorogana maji na oili, na bado ananidai!

Wakuu, nivumilieni, leo naandika na hasira.

Nina kijiko (ekskaveta) Komatsu PC200, si kipya, kinapakia kokoto huku Lugoba. Injini yake ni 6D102, ile ya lita 5.9, silinda sita, ndugu wa damu wa Cummins 6BT. Nalitaja mapema ili asitokee mtu wa kuniambia ni injini ngeni. Mafundi wa dizeli wameizoea: imo kwenye malori, imo kwenye jenereta. Maelekezo yake ya kukaza bolti mtoto wa shule anaweza kuyapata kwenye simu.

Ikaanza kupanda joto mchana. Baadaye kulanti (maji ya kupozea injini) ikawa inapungua bila kuacha hata tone chini. Asubuhi ikiwa ya baridi, ukiiwasha mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, unaona mapovu yanapanda mfululizo. Hapo hakuna ubishi, moto wa silinda umepata njia ya kuingia kwenye maji. Ama gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi (kifuniko cha juu cha silinda), imekufa, ama hedi imepinda, ama imepasuka. Nikaita fundi. Wa kupendekezwa, eti kafanya migodini.

Sikilizeni alivyofanya. Hedi imeshuka, hakuweka rula ya chuma juu yake, hakupitisha fila geji (vibati vya kupimia mwanya), hakuipeleka popote kupimwa kwa presha. Kaitazama kwa jicho, kapitisha kidole, kasema "iko poa hii bosi". Hedi ya silinda sita ni chuma kimoja kirefu. Ikishachemshwa mara kadhaa inapinda kiasi ambacho kidole hakiwezi kukisikia, lakini gasketi inakisikia. Ndiyo maana watu wanapima. Ndiyo maana ikikwanguliwa karakana kuna gasketi nene zaidi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo hiyo.

Mabaki ya gasketi ya zamani kayatoa kwa grainda yenye diski ya msasa, silinda ziko wazi, hazijafunikwa hata na kitambaa. Vumbi la msasa lile linashuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), linazunguka na oili, linakwenda kula beringi za krankishafti. Opareta wangu alimwuliza. Akajibiwa aendelee na kazi yake ya kuvuta levva.

Halafu silikoni. Jamani mafundi, nani aliwafundisha kupaka silikoni kwenye gasketi ya hedi? Pande zote mbili, nzito, ikatoka hadi pembeni. Gasketi ile imetengenezwa kukaa kavu. Silikoni inayobanwa ndani inakatika vipande, na kipande kikifika kwenye chujio la kufyonzea oili ndani ya sampu, pampu inavuta hewa.

Bolti ziko 26. Zinaanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya kupimia nguvu, na hatua ya mwisho unazungusha nyuzi 90. Kabla ya kuzirudisha unazipima urefu, maana bolti iliyokwisha kuvutika haibani tena. Na matundu yake unayakausha, kwa sababu yakiwa na oili au maji chini spana inakudanganya: inakwambia imekaza kumbe inasukuma maji. Huyu bwana hana spana hiyo. Ana bomba. Kavisha bomba kwenye mkono wa spana ya kawaida, kaning'inia, kasema mkono wake una uzoefu.

Lakini lililonichefua kuliko yote ni thamostati, ile vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikishapata moto. Kaitoa, kaitupa, kasema "nchi ya joto hii, haihitajiki". Hii kauli iko kila gereji Tanzania na ndiyo inayoua injini. Kwenye injini hizi thamostati haizuii maji tu, ikifunguka inaziba na ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, sehemu kubwa ya maji inachagua njia fupi, inarudi kwenye bloku ikiwa ya moto vile vile. Yaani injini ililetwa kwake kwa kuchemka, yeye kaiongezea sababu ya kuchemka! Rejeta yenyewe mapezi yalikuwa yameziba kwa vumbi la kokoto, hata mwanga haupiti. Hakuitazama kabisa. Nililipa kubadilishiwa gasketi, na kilichoiua ile ya kwanza kimeachwa pale pale.

Ikafanya kazi kidogo, ikachemka tena. Safari hii nikachomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) nikakuta oili imekuwa chai ya maziwa. Nikazima hapo hapo, maana ukiendelea kuizungusha injini yenye oili ya namna hiyo, beringi zinakwenda.

Nampigia, maneno mawili. La kwanza, gasketi ilikuwa feki. Ni yeye aliyekwenda Kariakoo na hela yangu, akarudi na boksi limeshafunguliwa. Kama ilikuwa feki aliifungaje? La pili ndilo lililonifanya niandike: eti slivu (mabomba yanayovishwa ndani ya silinda) zimeshuka, lazima injini ishushwe, slivu zipandishwe, nimtumie nusu ya malipo aanze. WAKUU, INJINI HII HAINA SLIVU. Pistoni zinatembea kwenye bloku lenyewe. Labda bloku liwe limewahi kutobolewa na kuvishwa, na langu halijawahi. Amekuwa na bloku hilo wazi mbele ya macho yake na hakuona hilo. Au aliona, akadhani mimi sitajua.

Na bado anadai kilichobaki cha ufundi wa mwanzo. Anatuma ujumbe hadi usiku. Kijiko kimelala, malori yameenda kwa jirani, na saa ya kijiko mnajua bei yake.

Kuna watakaosema nimrudie, arekebishe kwa kuwa ni kazi yake. Hagusi tena. Oili na chujio nimeshamwaga, sampu inashuka, kesho natazama beringi. Hedi naibeba mwenyewe. Anayejua karakana inayopima hedi kwa presha, kuanzia Chalinze hadi Morogoro mjini, au hata Dar, aniandikie PM na bei. Na kama una fundi mwenye spana ya kupimia nguvu, nitumie picha ya spana kwanza, namba yake baadaye.