Rupia za Mjerumani: tuwauzie wageni au zibaki kwetu?

Mtoa mada: Wakuu, bibi yetu katuachia mkufu wa rupia saba za fedha, ya zamani kuliko zote ni ya 1890. Upande mmoja Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, na kofia ya chuma yenye tai, upande wa pili simba na mti kama mnazi. Kuna mtu anataka kuzinunua azipeleke Ulaya. Ndugu zangu wanasema tuuze. Mimi naona huu ni ushahidi, ukitoka haurudi. Mnasemaje?

Mngoni Halisi: Uza leo. Kichwa hicho ndicho kilichowatoza babu zetu kodi ya kibanda, rupia tatu kwa mwaka, asiyenazo akafanye kazi kwa nguvu. Ikaja vita vya Majimaji 1905, na mwaka uliofuata Songea Mbano, kiongozi wetu Wangoni, akanyongwa na Wajerumani. Bibi aliwezaje kumvaa mtu huyo shingoni? Lakini watu wa pwani rupia mlizipenda, maakida, wale wakusanya kodi wa Mjerumani, walikuwa wenu.

Mzawa wa Pangani: Kaka, hapo umenigusa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, kanyongwa Pangani Desemba 1889. Hiyo rupia ya kwanza ina mwaka gani? 1890! Sisi tulishapigana na kuzika watu kabla kichwa hicho hakijachongwa kwenye fedha. Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana nao pia, alikuwa wa wapi, Songea?

Mkusanya Sarafu: Turudi kwenye mada. Simba yule ni wa nembo ya kampuni, DOAG (Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki), si ya serikali. Jina la kampuni limeandikwa pale pale, lisome. Ndiyo kampuni aliyopigana nayo Abushiri. Serikali ilizichukua baadaye, 1904 rupia ikagawanywa heller 100 badala ya pesa 64, na jina la kampuni likaondoka. Uzito ni gramu 11.66, sawasawa na rupia ya Kihindi, maana wafanyabiashara wa pwani walishaizoea ile. Jambo zito zaidi: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na baadhi tu ya vile vya baadaye. Sina hakika kama rupia hizi zinaingia humo. Kama haziingii na tunataka zibaki, sheria ndiyo ibadilishwe. Na mtoa mada, tafadhali usizisugue kwa limau.

Mngoni Halisi: Sikusema watu wote wa pwani. Nimesema maakida. Kule Kilwa na Lindi, wale waliokuja na daftari la kodi walitoka wapi?

Mzawa wa Pangani: Umesema "mlizipenda". Soma ulichoandika.

Kijana wa Tabora: Mnagombania kichwa cha Kaiser huku kila siku mnasema "hela". Neno hilo ni heller ya Mjerumani. Nalo tumuuzie mgeni?

Mama Zainabu: Mwanangu, hapo umekosea kulidharau neno letu. Pesa ni ya Kihindi, shilingi ya Mwingereza, fedha Kiarabu. Tumeyachukua yote tukayafanya yetu. Na mkufu vilevile. Bibi yake huyu alimtoboa Kaiser kichwani akamfanya pambo, hiyo nayo ni historia. Usiuze, mwanangu.

Mkusanya Sarafu: Shikamoo mama. Kwa mkusanyaji, iliyotobolewa bei yake hushuka sana. Mtoa mada, jihadhari na mnunuzi anayejifanya hajaliona tundu. Hakuna mwenye neno kuhusu sheria?

Kijana wa Tabora: Mama, sijadharau. Ila "hela" huku bara tunaitumia kuliko nyie.

Mtoa mada: Nimesoma yote. Zote saba zimetobolewa, kweli. Mnunuzi anarudi Jumamosi. Shangazi anataka kila mjukuu achukue moja, nami nimekubali, ingawa mkufu utakatika.

Mngoni Halisi: Sawa. Ila ndugu wa Pangani bado hajanijibu. Nitajie akida mmoja wa kwenu aliyekataa kukusanya zile rupia tatu.