Tupeane uzoefu: nani anasafisha maji ya bwawa la samaki kwa mimea?

Mfugaji wa Nala: Mbukwenyi wakuu. Huku Dodoma mvua ikikata Aprili ndiyo basi mpaka Desemba, maji ni ya kununua. Kuyamwaga kila yakichafuka inauma. Mimi ya sato nayapitisha kwenye mtaro wa kokoto uliopandwa matete, pampu ndogo inayarudisha bwawani. Harufu imepungua sana. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mama Kambare, Veyula: Matete sawa baba, ila yatulize kwanza. Nina pipa la lita 200: maji yanaingilia chini, yanatokea juu, tope linabaki. Nikifungua koki ya chini linatoka jeusi, zito kama uji wa ulezi, nalipeleka kwenye mipapai. Bila pipa kokoto huziba, maji yakapita juujuu, mizizi haiambulii kitu.

Mzee wa Vipimo: Mama kanena. Niongeze kwamba kinachoua samaki hakionekani kwa macho. Amonia inatoka kwenye matamvua yao na kwenye chakula kilichobaki. Bakteria waliogandia kwenye kokoto wanaigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na hiyo mmea unaifyonza vizuri. Kwa hiyo mtaro mpya wiki za mwanzo hausaidii sana, bakteria hawajazaliana. Punguza chakula kipindi hicho. Bwawa la kijani, lililojaa mwani, ndiyo uliangalie zaidi: mchana pH (kipimo cha tindikali na alkali majini) inapanda, na amonia ileile inakuwa kali zaidi.

Kijana wa Nzuguni: Uani kwangu matete hayaenei, na hayaliwi! Nimepanda matembele kingoni, mizizi imezama majini. Tunachuma, majirani wananunua.

Mgeni wa Bahi: Nikiagiza magugu maji kutoka Mwanza je? Nasikia yanafyonza kuliko yote.

Mama Kambare, Veyula: Mwanangu, usithubutu! Yanafyonza kweli, lakini Ziwa Victoria yameziba mialo, wavuvi wanahangaika na mitumbwi. Yakitoroka na mafuriko yakaingia bwawa la Mtera, nani atayang'oa? Tumia azola, kile kimmea kidogo kinachoelea juu ya maji. Bata wanaila, perege wanaila. Ila ivunwe kila mara, ikiozea majini uchafu wote unarudi palepale.

Mfugaji wa Nala: Azola napata wapi mama?

Mama Kambare, Veyula: Pita kwangu na ndoo, asubuhi. Uje na kitambaa kibichi cha kuifunikia, jua la saa saba litaimaliza njiani.