Naomba ushauri: mtoto wa miaka miwili na kijibwa ndani ya nyumba moja

Habari zenu wakuu. Tunaishi ughaibuni, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka miwili. Majuzi mume kaleta kijibwa cha miezi minne, eti mtoto apate wa kucheza naye. Wamependana kupita kiasi, na hapo ndipo tabu ilipo. Kijibwa kinabadilisha meno, kinang'ata kila kinachosogea: pindo la gauni, soksi, vidole. Binti akilia na kukimbia, chenyewe kinadhani mchezo ndio umenoga. Yeye naye si haba. Anavuta mkia, anachota chakula bakulini mwa mbwa na kutia mdomoni. Chanjo za mwanzo na dawa ya minyoo kimepata, ila bado kinakojoa zuliani.

Huku hakuna bibi wala shangazi wa kunishikia mmoja, na mume anarudi usiku. Nikikifungia peke yake kinalia mpaka naogopa majirani.

Mliolea mtoto na mbwa kwa pamoja, mlipangaje siku yenu? Na kung'ata mlikomesha vipi bila kupiga? Tafadhali msiniambie nikirudishe, mume hataki kusikia.