Buibui si mdudu? Maneno ya kila siku yanayobadilika maana kwenye bayolojia

Mwanagenzi_07

Shikamooni wakubwa. Naomba msaada kwenye msamiati wa bayolojia na ikolojia wa sekondari. Maneno mageni kama mitokondria hayanisumbui. Yanayonikosesha alama ni yale yanayotumika kila siku:

1. Kwa nini buibui na jongoo hawahesabiwi kuwa wadudu?
2. Makazi, mazingira, jumuiya, mfumo ikolojia: mpaka uko wapi?
3. Je, ni kweli mimea hupumua usiku tu?
4. "Mbolea ni chakula cha mimea" ina kosa gani?
5. Mshale wa mlishano (mchoro wa nani anamla nani) uelekee wapi, kwa anayekula au kwa anayeliwa?

Fasili za kukariri ninazo. Ninachotafuta ni namna ya kujihakikishia mwenyewe.

Darubini

Marahaba. Umegusa penyewe. Neno geni huingia kichwani likiwa tupu, unalijaza maana moja basi. "Mdudu" limeshajaa tayari: kwa matumizi ya kawaida ni chochote kidogo kinachotambaa, hata kiini cha ugonjwa. Bayolojia imelibana.

Mdudu ni mnyama mwenye gamba la nje, mwili wa sehemu tatu (kichwa, kifua, tumbo), jozi tatu za miguu zote zikitoka kifuani, na jozi moja ya vipapasio. Mabawa yakiwepo, nayo hutoka kifuani. Sasa hesabu. Buibui ana miguu 8, sehemu mbili za mwili, na hana vipapasio. Yuko kundi moja na nge na kupe, yaani arakinida. Jongoo ana jozi mbili za miguu kwenye pingili zake nyingi, tandu ana jozi moja kwa kila pingili. Mnyoo na konokono hawana miguu kabisa.

Mtego uko kwa kiwavi. Ukimtazama haraka utahesabu miguu 16 na kumtoa kwenye wadudu, na utakuwa umekosea. Mgeuze taratibu, umwangalie kwa lenzi. Jozi tatu nyuma tu ya kichwa ni nyembamba, zina viungo, na kila mguu unaishia kwenye ukucha mmoja. Hiyo ndiyo miguu halisi. Ya nyuma ni vinundu vya nyama visivyo na viungo, na chini yake kuna safu ya kulabu ndogo sana za kushikia jani. Hiyo ni miguu ya bandia, na haihesabiwi. Akishakuwa kipepeo, haipo tena.

Jambo hilohilo lipo kwa "kiazi". Kiazi mviringo ni shina lililovimba: yale "macho" ni vichipukizi. Kiazi kitamu ni mzizi. Jina moja, viungo viwili tofauti vya mmea. Swali la "taja shina linalohifadhi chakula" limewaangusha wengi hapo.

Mizizi_na_Majani

Nachukua la 2. Usianze na fasili, anza na swali: *ningetoka na kipimo gani?*

Chukua bwawa. Ukihesabu perege wote wa spishi moja waliomo, umehesabu populesheni. Angalia hapa: populesheni ni lile kundi lenyewe, na idadi ni namba inayolielezea. Ukiorodhesha spishi zote, perege, vyura, mimea ya majini, viluwiluwi vya mbu, bakteria, hiyo ni jumuiya. Bado hujapima hata kitu kimoja kisicho hai. Ukiongeza jotoridi la maji, mwanga, oksijeni iliyoyeyuka, pH (kipimo cha asidi) na tope la chini, pamoja na namna vyote hivi vinavyoathiriana, umefika kwenye mfumo ikolojia. Neno hilo lilichapishwa mara ya kwanza na mwanaikolojia Mwingereza Arthur Tansley mwaka 1935, na hoja yake ilikuwa hasa hiyo: huwezi kutenga viumbe na vitu visivyo hai vinavyowazunguka ukadhani umewaelewa.

Makazi ni mahali spishi inapoishi. Mazingira ni kila kinachomzunguka kiumbe na kumwathiri, pamoja na viumbe wengine. Ukijibu "makazi ya chura ni maji, mwanga na wadudu anaokula" umetaja mazingira yake. Jibu ni "kingo za bwawa lenye maji yasiyo na kasi". Kuna pia nafasi ya kiikolojia: kazi ya spishi mahali pale, anakula nini, analiwa na nani, anatoka saa ngapi. Popo na mbayuwayu wanaweza kuwinda wadudu juu ya bwawa lilelile, mmoja usiku, mwingine mchana. Eneo ni moja, nafasi ni mbili.

Populesheni ya mimea utaipima kwa kwadrati, fremu ya mraba ya mita 0.5 kwa 0.5, sawa na eneo la mita za mraba 0.25. Tuseme uwanja ni mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300. Umeweka kwadrati mara 10 na kupata jumla ya mimea 34. Wastani ni 3.4 kwa kwadrati. Gawanya kwa 0.25 upate 13.6 kwa mita ya mraba, zidisha kwa 300: mimea 4,080.

Makosa huingia kabla ya hesabu. Ukirusha fremu kwa mkono, jicho huivuta kwenye mimea mingi. Tandaza kanda mbili za kupimia pembeni mwa uwanja, chagua namba za nasibu kwa kikokotoo, weka kona ya fremu pale namba zinapokutana, hata kama pana udongo mtupu. Sifuri ni data, iandike. Mmea uliokatwa na ukingo wa fremu uwekee kanuni kabla hujaanza, mfano: wa pande mbili unahesabiwa, wa pande mbili nyingine hauhesabiwi. Bila kanuni hiyo utahesabu kupita kiasi kila mara.

Klorofili

La 3 na la 4 yanatoka shina moja.

Kiswahili kinatumia "kupumua" kwa mambo mawili. Moja ni kuvuta na kutoa hewa, tendo la mapafu na kifua. La pili ni upumuaji wa seli: kuvunja glukosi (sukari) ili kupata nishati, nao hufanyika ndani ya kila seli hai, ya mzizi, ya jani, ya kuvu, saa zote 24. Mmea hauna kifua cha kupanda na kushuka, lakini seli zake hazipumziki hata dakika. Mchana usanisinuru (mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga) hutumia kabonidayoksaidi nyingi kuliko inayotolewa na upumuaji, kwa hiyo ukipima gesi nje ya jani unaona oksijeni ikitoka. Upumuaji umefunikwa tu, haujasimama.

Kujihakikishia, tumia kiashiria cha bikabonati, kimiminika kinachobadilika rangi kulingana na kabonidayoksaidi. Kikiwa sawa na hewa ya kawaida ni chekundu. Kabonidayoksaidi ikizidi kinakuwa njano, ikipungua kinakuwa zambarau. Andaa neli tatu, kila moja na mililita 2 za kiashiria. Ya kwanza tia jani lisiguse kimiminika, ukaiweke kwenye mwanga. Ya pili tia jani vilevile, uifunge yote kwa karatasi ya alumini. Ya tatu isiwe na jani. Ziba kwa vizibo, subiri saa moja hadi mbili. Utaona zambarau, njano, nyekundu.

Ikiharibika, tafuta sababu hapa: ulipumulia juu ya neli ukiwa unaziba (zote zinaelekea njano), jani limegusa kimiminika, au taa imewekwa karibu mno ikalichemsha jani. Neli isiyo na jani usiiache kamwe. Ndiyo inayothibitisha kwamba rangi imebadilishwa na jani, na si na neli yenyewe.

Kuhusu mbolea: chakula, kwa bayolojia, ni kile kinachompa kiumbe nishati na kaboni ya kujengea mwili. Mmea hujitengenezea glukosi kutoka kabonidayoksaidi na maji. Mbolea huupa madini: nitrojeni kwa protini, fosforasi kwa DNA, potasiamu kwa kazi za seli. Madini hayo hayaupi nishati. Mwanasayansi wa zamani Jan Baptista van Helmont alipanda mche wa mti kwenye udongo mkavu wa takribani kilo 90, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70; udongo ulipungua takribani gramu 57. Maelezo hayo yalichapishwa 1648, baada ya kufa kwake. Alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji, kwani hakujua kwamba kaboni inatoka hewani. Lakini zile gramu chache usizidharau. Nitrojeni ikikosekana, majani ya zamani huwa njano kwanza, kwa sababu mmea huihamisha kuipeleka kwenye machipukizi.

Darubini

La 5 kwa kifupi: mshale unafuata nishati, kwa hiyo nyasi → panzi → chura → nyoka. Usome "huliwa na". Wanaogeuza huwa wanausoma "anakula".

Mwanagenzi_07

Asanteni sana wakubwa. Swali moja zaidi: kama kila hatua inabakiza asilimia 10 ya nishati, kilojuli 10,000 za nyasi zinafika kwa nyoka zikiwa 10. Zilizobaki zinaliwa na viozeshi (viumbe wanaoozesha mabaki), kwa hiyo niwachore juu ya nyoka?

Mizizi_na_Majani

Hesabu ni sahihi: 10,000, 1,000, 100, 10. Ila asilimia 10 ni makadirio, kwa kweli hupanda na kushuka kulingana na viumbe husika, na zilizobaki haziendi zote kwa viozeshi. Sehemu kubwa hupotea kama joto kutokana na upumuaji wa seli alioueleza Klorofili. Sehemu nyingine iko kwenye kinyesi na kwenye mizoga isiyoliwa, na hiyo ndiyo ya viozeshi.

Usiwachore juu ya nyoka, kwani itaonekana kwamba wanamla nyoka peke yake. Wachore pembeni, mshale ukitoka kila hatua kwenda kwao, kuanzia nyasi zilizokauka. Na bakteria na kuvu ndio viozeshi. Mnyoo wa ardhini yeye ni mla mabaki, maana humeza na kumeng'enya ndani ya utumbo, wakati kuvu humwaga vimeng'enya nje ya mwili kisha kufyonza kilichoyeyuka.