Naomba ushauri: chakula kinasifiwa, wateja hawaongezeki

Habari zenu wakuu. Nimefungua mgahawa mdogo hapa Tabata, jirani na kijiwe cha bajaji. Asubuhi nauza supu na chapati, mchana wali maharage, ugali samaki na mboga za majani; Ijumaa napika pilau. Anayekula anasifia na wengi hurudi, kwa hiyo mapishi hayanipi wasiwasi. Shida ni wapita njia: wanachungulia, halafu wanakwenda kwa jirani waliyemzoea, ambaye (niseme tu) maharage yake ni maji matupu.

Maji ya vuguvugu na sabuni ya kunawa vipo mlangoni, bei nimeandika ubaoni, namba ya kulipia kwa simu ipo. Sasa nawaza kupeleka chakula kwenye magereji na maduka ya karibu, watu waagize kwa WhatsApp kabla ya saa tano. Ila nahofia madeni, maana mafundi wengi hupenda kulipa Jumamosi. Mliopitia haya, mkopo mnaudhibiti vipi bila kumkera mteja? Na kijana wa kupeleka alipwe kwa siku au kwa sahani?