Ushauri wa haraka: nimepata chuo Cyprus, nifunge safari?

Binti Peramiho: Wakuu habari za jioni. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, PCB, nimepata nafasi ya uuguzi Ulaya, nchi ya Cyprus. Chuo kimenipa ufadhili wa asilimia 50. Ejenti anasema kule mwanafunzi anasoma huku anafanya kazi, ada iliyobaki inajilipa. Mwenye uzoefu anisaidie, maisha yakoje na nibebe nini? Muda umebana.

Kisiki: Hongera sana. Beba koti, Januari kuna baridi na mvua. Beba na sembe. Mimi nilisoma Pune, India, tukapanga Wabongo watupu nyumba moja. Siku tuliyokaanga dagaa mwenye nyumba alipanda ngazi na majirani wote, tukaambiwa tutafute pengine. Ule mwaka nilijifunza kula chapati na dengu asubuhi mpaka jioni.

Mzalendo Halisi: Muhimbili ipo, Bugando ipo, KCMC ipo. Zahanati za vijijini hazina wauguzi, nyie mnawaza ndege tu.

Dada Mkubwa: Kisiki, hajauliza dagaa. Mdogo wangu, angalia tiketi. Unashukia uwanja wa LCA au ECN? Nijibu hilo kwanza.

Binti Peramiho: Tiketi bado dada, ila kwenye karatasi ya ejenti imeandikwa Dar–Istanbul–ECN. Kwani kuna shida? Cyprus si iko Umoja wa Ulaya tangu 2004?

Dada Mkubwa: Hiyo ya Umoja wa Ulaya siyo unayokwenda. LCA ni Larnaca, kusini; ECN ni Ercan, kaskazini. Kisiwa kimegawanyika tangu 1974. Kaskazini walijitangazia nchi yao 1983, na mpaka leo anayewatambua ni Uturuki peke yake. Ukiingilia Ercan, serikali ya kusini inahesabu umeingia kinyume cha sheria, kwa hiyo usidanganywe kwamba utavuka ukatafute kazi. Ubalozi wetu wa kukimbilia uko Ankara, ng'ambo ya bahari. Ada unadaiwa kwa euro, kibarua ukikipata unalipwa lira ya Uturuki, na lira inashuka kila mwaka. Nimesoma Girne, huko huko kaskazini, sisimulii ya kusikia. Hilo punguzo la nusu, darasani kwetu kila mgeni alikuwa nalo. Waliomaliza vizuri wapo, na ni wale waliokuwa na mtu wa kuwalipia kila muhula. Usipolipa husajiliwi, usiposajiliwa kibali cha kuishi kinakwisha, na faini inaanza kuhesabiwa kwa siku.

Binti Peramiho: Nashukuru dada, ila ejenti tunasali naye, hawezi kunitupa. Na chuo kinatambuliwa Uturuki, amenionyesha. Kupambana ni popote. Nilichouliza ni kama kazi zinapatikana.

Pweza: Umeshampa shilingi ngapi?

Binti Peramiho: Hiyo siyo mada.

Pweza: Ndiyo mada yenyewe.

Binti Peramiho: Milioni tatu na nusu. Mama aliuza mahindi yote ya ghalani na ng'ombe. Inayobaki, baba mdogo anauza kiwanja Ijumaa. Sasa naanzaje kumwambia mama basi?

Jicho Kavu: Wakuu, huu uzi ni wa kutunga. Akaunti ya jana, kila swali linajibiwa nusu. Huyu ndiye ejenti mwenyewe, keshokutwa ataweka namba ya simu.

Kisiki: Hata mimi nimeanza kuhisi. Kuna mmoja alikuja humu na habari za Kanada, tukamchangia nauli, hajaonekana tena.

Pweza: Ejenti gani anaacha biashara yake ianikwe hivi? Na huyu hajaomba hata mia.

Jicho Kavu: Basi aseme, hapa nyumbani aliomba wapi? Mwenye PCB ya kusomea uuguzi hawezi kukosa kuomba.

Binti Peramiho: Sijatunga. Nimechaguliwa vyuo viwili, Dodoma na Mwanza, vyote uuguzi. Sijathibitisha hata kimoja. Mkopo nimeomba, bodi haijajibu. Sikuandika kwa sababu nilijua wote mtasema baki. Kanisani nimeshaagwa, wamenifanyia na maombi.

Mzalendo Halisi: Nilisema mimi.

Dada Mkubwa: Mzalendo, kaa pembeni kidogo. Mdogo wangu, thibitisha chuo kimoja usiku huu huu, dirisha likifungwa nafasi imekwenda. Kisha mpigie baba mdogo, kiwanja kisiuzwe Ijumaa. Ejenti mdai risiti na marejesho kwa maandishi, na kama ameshika pasipoti yako ichukue kwanza. TCU, tume ya vyuo vikuu, waulize kama cheti cha chuo hicho kingetambuliwa, hata ukiwa umeghairi, jibu lao utamwonyesha mama. Kama nia ya kwenda nje bado unayo, Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, kwa kawaida hufunguliwa Januari 10 hadi Februari 20. Kuomba ni bure, na wanabeba ada, malazi, tiketi, bima na mwaka wa kujifunza lugha.

Binti Peramiho: Dada, nimeingia kwenye akaunti ya Dodoma. Namba ya uthibitisho niliyotumiwa wiki iliyopita inakataa.

Dada Mkubwa: Humo humo kuna sehemu ya kuomba namba nyingine. Bonyeza mara moja tu, usirudierudie, na laini uliyojazia fomu iwe hewani. Niko hapa mpaka ujumbe uingie.